Desmond Alikufa na Hakuna Aliyepanga Matanga

Tangu Assassin's Creed Shadows itoke Machi 2025, wasee mmekuwa mkiniuliza mbona sijasema kitu. Si mimi ndio yule jamaa wa gemu za zamani? Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwepa. Nilianza kuandika mara tatu nikafuta zote tatu, kwa sababu kila nikianza kulalamika kuhusu Shadows najikuta nalalamika kuhusu kitu kilichotokea Desemba 2012, nikiwa na miaka kumi, ndani ya kibanda cha mabati chenye televisheni nne na benchi moja ya mbao. Kwa hivyo leo naanzia huko, na kama hukuwa umezaliwa vizuri wakati huo, tulia nikupeleke polepole.

Pale mtaani kwetu dakika kumi zilikuwa shilingi kumi. Wengi walikuwa wanakuja kuchapa FIFA. Brathe yangu, aliyenizidi miaka minane, alikuwa na mpango wake na mwenye kibanda: anafagia asubuhi, anapanga nyaya, halafu anapewa saa moja ya bure kwenye televisheni ya pembeni, ile iliyokuwa na mstari wa kijani katikati. Saa hiyo ilikuwa ya Assassin's Creed. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kando na kunyamaza. Kizungu cha gemu kilikuwa kinanipita, basi yeye ndiye alikuwa ananitafsiria, mikono ikiwa kwa kontrola na macho kwa skrini.

Na hapa lazima nieleze stori yenyewe ilikuwa nini, kwa sababu nimegundua wengi wenu mlianzia Origins au Odyssey, na mnadhani hii ni gemu ya kuzurura Misri na Ugiriki ukikata watu. Sio makosa yenu. Hivyo ndivyo ilivyogeuka.

Gemu ya kwanza ilitoka Novemba 2007, imetengenezwa na Ubisoft kule Montreal, Kanada. Ilianza kama tawi la Prince of Persia, halafu mkurugenzi wake, Patrice Désilets, akaivuta kwingine kabisa. Ukisoma kwa kava unaona jamaa wa kofia nyeupe, Altaïr, yuko Damascus na Jerusalem mwaka 1191 wakati wa Vita vya Msalaba. Lakini Altaïr hakuwa mhusika mkuu. Mhusika mkuu alikuwa jamaa wa kawaida anaitwa Desmond Miles, mhudumu wa baa, ambaye alitekwa na kampuni inayoitwa Abstergo na kulazwa ndani ya mashine, Animus. Mashine hiyo inasoma kumbukumbu za mababu zake zilizofichwa kwa damu yake. Altaïr ni babu ya Desmond. Wewe unayecheza humchezi Altaïr moja kwa moja. Unamcheza Desmond aliyelala, akimkumbuka Altaïr.

Sasa skiza hii, maana hapa ndio penye utamu. Kila kitu cha kijinga ambacho gemu zingine zinakuficha, hii ilikuwa na maelezo yake. Kwa nini kuna mstari wa uhai juu ya skrini? Kwa sababu uko ndani ya mashine, na ule mstari unapima umekaribiana vipi na kumbukumbu. Kwa nini huwezi kupita ukuta fulani? Kwa sababu hiyo kumbukumbu haijafunguka bado. Kwa nini ukiua raia ovyo unatolewa? Hii ndiyo nilimuuliza brathe siku ya kwanza nilipopewa kontrola, nikamchoma kisu mama mmoja wa sokoni, skrini ikaanza kukatika. Brathe akacheka, akaninyang'anya, akasema, "Babu hakufanya hivyo."

Maze, hilo jibu lilinikaa. Babu hakufanya hivyo. Hukufa kwa sababu umepigwa, ulitoka kwa sababu ulidanganya kuhusu mtu aliyeishi kweli. Nilikuwa mtoto na nikaelewa kitu ambacho baadaye, kwa ile miaka miwili niliyokaa chuo kabla niache, hakuna darasa lilinieleza vizuri hivyo: kwamba historia iko na mipaka yake, na wewe unayeisimulia huna ruhusa ya kuifanya chochote unachotaka.

Brathe alikuwa anapenda kuniuliza, wakati tunarudi nyumbani, "Na wewe ukiwekwa kwa mashine utaona nani?" Mimi sikuwa na jibu. Babu yetu mzaa baba alikufa kabla baba hajaanza shule, na hakuna picha yake hata moja. Tulikuwa tunambunia kazi. Siku moja ni dereva wa lori, siku nyingine ni mtu wa meli. Hiyo ilikuwa gemu yetu ya pili na ilikuwa ya bure.

AC II ilitoka Novemba 2009, na mpaka leo ukiniuliza ni gemu gani nitaingia nayo kaburini, ni hiyo. Ezio Auditore, Florence, baba na ndugu wawili wananyongwa mbele ya umati. Lakini mwisho wake ndio uliwafanya watu wasilale. Ezio anashuka chini ya Vatican mwaka 1499, anakutana na Minerva, mmoja wa viumbe waliokuwa duniani kabla yetu. Minerva anaongea, lakini hamwangalii Ezio. Anaangalia nyuma yake, anamwangalia Desmond, anamtaja kwa jina, zaidi ya miaka mia tano mbele. Ezio anabaki ameduwaa akiuliza huyo Desmond ni nani. Yaani maisha yote ya yule mtu, kulipiza kisasi kote, alikuwa anabeba barua ya mtu mwingine bila kujua.

Kwenye kibanda kulikuwa kimya. Hata wale wa FIFA waligeuka. Ujumbe wenyewe ulikuwa kwamba jua litachoma dunia tena, na Desmond ako na muda mfupi. Tarehe ilikuwa 21 Desemba 2012. Unakumbuka ule mwaka watu walisema kalenda ya Wamaya imeisha? Ndiyo hiyo. Ubisoft walichukua tarehe ambayo sote tungeiishi, wakaweka stori yao hapo. Tulikuwa tunahesabu pamoja na gemu.

Sasa hebu nikwambie kilichokuwa kinaendelea upande wa pili. Mpango wa mwanzo, kwa waliokuwa ndani, ulikuwa wa gemu tatu. Mwaka 2021 mtafiti mmoja, Lars de Wildt, aliyewahoji watengenezaji, alieleza mwisho uliokuwa umefikiriwa kwa gemu ya tatu: Desmond anaiangusha Abstergo wakati wa sasa, kwa kutumia ujuzi wote aliojifunza kutoka kwa mababu, halafu yeye na Lucy wanaondoka kwa chombo cha angani kwenda kuanzisha ubinadamu upya, kama Adamu na Hawa. Ni wazimu? Ni wazimu kabisa. Lakini ni mwisho. Mtu alikuwa amekaa chini akajua hii basi inaenda wapi kabla ya kupakia abiria.

Halafu AC II ikauza vibaya sana. Namaanisha vizuri sana, na hapo ndipo shida ilianzia. Kampuni ikaona kitu kinachouza hivyo hakiwezi kungoja miaka miwili miwili. Kuanzia 2009 mpaka 2015 hakuna mwaka ulipita bila gemu kubwa ya Assassin's Creed. Désilets akaondoka Ubisoft katikati ya 2010, kabla hata Brotherhood haijatoka. Yule aliyejua basi inaenda wapi akashuka, na basi likaendelea, tena kwa kasi.

Brotherhood ikaisha na Desmond, akiwa ameshikwa akili na kiumbe kingine anaitwa Juno, anamchoma Lucy kisu. Lucy! Yule aliyemtoa Abstergo. Kwa nini? Gemu haikusema. Brathe alikaa mwaka mzima na nadharia zake. Jibu lilikuja Februari 2012: Lucy alikuwa amegeuka upande wa Templar. Lakini jibu halikuwa ndani ya gemu. Lilikuwa kwa nyongeza ya kulipia, The Lost Archive, iliyowekwa juu ya Revelations. Sisi tulikuwa na diski iliyochapwa-chapwa na hakuna intaneti. Hatukujua kabisa. Brathe aliendelea kumlilia Lucy kama mtu mwema mpaka nilipomweleza mimi, miaka mingi baadaye. Shika hapo, jibu kuuzwa kando. Nitalirudia.

Revelations nayo sitaisema vibaya. Ezio mzee, Istanbul, anaingia maktaba ya Altaïr, anamkuta Altaïr amekaa kwa kiti, mifupa tu. Anaweka silaha chini. Anaongea na Desmond hewani, bila kujua kama anasikika, anamwambia kwamba maisha yake hayajawa na maana anayoielewa lakini labda Desmond ataielewa. Watu wazima wanalia hapo. Mimi nimelia hapo nikiwa na miaka tisa na nikiwa na ishirini na moja. Ni babu anamwambia mjukuu, mimi nimefika hapa, wewe endelea.

Na mjukuu akafanywa nini?

AC III ilitufikia likizo ya Desemba 2012. Tulimaliza siku chache kabla ya Krismasi, dunia ikiwa haijaisha. Stori ya zamani, ya Connor na mapinduzi ya Marekani, ilikuwa na nguvu zake, sitaki kubishana hapa. Lakini mwisho wa Desmond ulikuwa hivi: anafika hekaluni, Minerva na Juno wanabishana mbele yake kwa dakika chache, anaambiwa achague. Aache dunia iungue, au aguse ile tufe, aiokoe, lakini Juno awe huru. Anaagana na baba yake. Anagusa. Anakufa. Majina ya waliotengeneza gemu yanaanza kupanda.

Gemu tano. Miaka mitano ya kumfundisha mtu kuwa Altaïr, kuwa Ezio, kupanda majengo, kupigana, na hakuna siku alipewa nafasi ya kutumia hayo yote kwa kitu cha maana. Aliguswa na umeme kama fundi asiyezima swichi. Brathe aliweka kontrola chini na kusema, "Hiyo ndiyo mwisho?" Mwenye kibanda akamjibu muda umeisha.

Nitakuwa mkweli sasa, kwa sababu mashabiki wa zamani tunapenda kujifanya tulikuwa watakatifu. Pale kibandani, kila Desmond alipotolewa kwa mashine na kuanza kutembea kwa ile godauni na kuongea na wenzake, watu walikuwa wanapiga kelele, "Ruka hiyo! Ruka!" Kwa sababu dakika zinahesabiwa, na hakuna mtu alilipa mbao yake kuangalia mzungu wa kofia ya jasho akisoma barua pepe. Ni brathe peke yake alikuwa hataki kuruka, na alitukanwa kwa hilo. Na hao wa kibandani hawakuwa peke yao. Dunia nzima kulikuwa na wachezaji wengi waliosema hizo sehemu za sasa zinawatoa kwenye raha. Ubisoft walisikia. Kwa hivyo ukitaka kujua nani alimuua Desmond, niko na orodha ya washukiwa, na sisi tumo.

Black Flag ya 2013 ndiyo kejeli kubwa zaidi. Gemu tamu ajabu, maharamia, bahari, Edward Kenway. Halafu sehemu ya sasa: wewe ni mfanyakazi mpya asiye na jina, huna hata uso, kwa ofisi ya Abstergo Entertainment huko Montreal. Wameuchukua mwili wa Desmond, na kutoka kwa DNA yake wanatengeneza burudani ya kuuza. Soma hiyo tena. Kampuni ya Montreal inachukua maiti ya mhusika mkuu na kuikamua burudani kila mwaka. Waandishi walijua walichokuwa wanaandika, hakuna mtu ataniambia vinginevyo. Ilikuwa ni utani, ilikuwa ni kuungama, na bado iliuza.

Unity, 2014, nitapita haraka. Watu walikuwa wanaona nyuso hazina ngozi, macho na meno yanaelea tu. Ubisoft waliomba msamaha na kutoa gemu za bure. Kwa stori, sehemu ya sasa ilibaki sauti tu inakuongelesha. Syndicate, London, 2015, video fupi fupi. Halafu 2016 wakapumzika, wakatupa filamu na Michael Fassbender badala yake.

Na Juno? Yule adui ambaye Desmond alikufa kumwachilia? Tulimngoja. Alikuwa anachungulia Black Flag na Syndicate, kila mara anasema saa yake inakuja. Iliisha kwenye Uprising, mfululizo wa komiki za Titan uliofunga 2018. Aliuliwa kwa komiki. Sio gemu, komiki. Na aliyemuua ni Charlotte de la Cruz, mtu ambaye kama ulicheza gemu peke yake hujawahi kukutana naye hata kwa bahati mbaya. Fikiria unafuata kesi mahakamani miaka sita, halafu hukumu inasomwa kwenye harusi ya watu usiowajua, mji mwingine, na hukualikwa.

Hapo ndipo wengi wa umri wangu waliacha. Mimi sikuacha kwa sababu ya jamaa mmoja.

Origins ilitoka Oktoba 2017. Bayek wa Siwa. Mtoto wake Khemu ameuawa, na huyu baba anatembea Misri nzima na huo uzito. Aliyempa Bayek sauti ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Mimi nilijua hilo mwaka mzima baada ya kucheza na nikaanza upya gemu yote. Sijui nikueleze vipi. Unamsikia mtu anacheka na watoto wa kijiji, anawaita, anawatania, halafu unajua huyu nyumbani kwao kuna watu wanakula kama nyinyi mnavyokula. Na Salim hakuishia hapo. Alianzisha Surgent Studios, na 2024 wakatoa Tales of Kenzera: ZAU, gemu ya kijana aliyefiwa na baba, aliyoitengeneza kutokana na msiba wake mwenyewe. Unaweza kuichezesha ikiwa na sauti za Kiswahili. Ni gemu fupi, ina mwanzo na ina mwisho, na ilinitoa machozi kuliko gemu tatu za mwisho za Assassin's Creed zikiwekwa pamoja.

Lakini hata Bayek wangu kulikuwa na mkono juu yake. Julai 2020 Ubisoft ililipuka na madai ya unyanyasaji ofisini, na mkuu wa ubunifu, Serge Hascoët, akajiuzulu. Yeye na wenzake wawili walihukumiwa na mahakama Ufaransa mwaka 2025, vifungo vya nje. Kile kilichoripotiwa wakati huo na Bloomberg kuhusu stori zenyewe kilinifanya nikae chini. Evie na Jacob wa Syndicate walipaswa kulingana, Evie akapunguzwa. Bayek alipaswa kuumia au kufa mapema, na mkewe Aya ndiye aendelee kuibeba gemu. Kassandra wa Odyssey alipaswa kuwa peke yake, akawekewa Alexios. Sababu iliyotolewa ndani: mwanamke hauzi.

Sasa rudi uangalie Origins na hilo kichwani. Aya ndiye anayemchoma Kaisari. Aya ndiye anaenda Roma. Ile stori inamvuta Aya mbele kila saa na kuna kitu kinairudisha nyuma. Nilikuwa nadhani ni uandishi mbaya. Kumbe kulikuwa na watu wawili wanavutana usukani.

Odyssey nayo Januari 2019 ikafanya kioja. Gemu ilijinadi kwamba unampenda unayemtaka, mwanamke, mwanamume, au hakuna. Halafu nyongeza ya Legacy of the First Blade, sehemu ya pili, ikakulazimisha mhusika wako atulie na mtu na azae mtoto, hata kama saa mia moja ulizocheza ulikuwa umechagua kinyume. Kwa sababu kampuni ilihitaji damu iendelee. Mashabiki waliwaka. Walioomba msamaha waliomba, wakarekebisha baadhi ya mambo. Lakini ona, ni lile kosa langu la siku ya kwanza sokoni, limegeuzwa. Waliniambia hakuna babu hapa, fanya utakavyo, wewe ndiye unaamua. Halafu mwishoni babu akatokea mlangoni na cheti cha kuzaliwa. Huwezi kula huku na huku.

Valhalla ya 2020 ndiyo ilinivunja kabisa, kwa sababu ilinipa tumaini. Layla Hassan, aliyembadili Desmond tangu Origins, anaingia kwenye mashine ya kale huko Norway, na ndani anakutana na kiumbe cha mwanga kinaitwa Msomaji. Hakitajwi jina. Lakini sauti, buda. Sauti ni ya Nolan North, yule yule. Kila shabiki wa zamani alijua huyo ni Desmond. Nilisimama kwa kitanda saa tisa usiku. Layla anabaki humo ndani naye, na anayetoka nje ni Basim, ambaye ni Loki amezaliwa upya, anatabasamu, ana fimbo ya Layla, anawaambia Shaun na Rebecca anataka kuongea na mkubwa wao. Hapo ndio mahali pazuri zaidi stori ya sasa imewahi kufika tangu 2011. Valhalla iliingiza zaidi ya dola bilioni 1. Hakuna mtu angesema watu hawakuiona.

Kilichofuata? Mirage, 2023. Inamhusu Basim! Lakini Basim wa Baghdad, karne ya tisa, alivyokuwa kijana. Ya sasa hakuna. Halafu Shadows, 2025, Japani, na sehemu ya sasa imebaki mafaili na mazungumzo ya ajabu kwenye menyu. Basim ako wapi? Desmond ako wapi? Hata stori ya Naoe yenyewe, kumtafuta mama yake, ikasukumwa kwa nyongeza, Claws of Awaji. Si nilisema nitarudia? The Lost Archive 2012, komiki 2018, Awaji 2025. Swali unalipia kwa gemu, jibu unalipia kando.

Kabla mtu hajaingia hapa na ajenda yake: sizungumzii Yasuke. Yasuke aliishi. Alifika Japani 1579 na Wajesuiti, akamtumikia Oda Nobunaga, na inadhaniwa alitoka upande wa Msumbiji, pwani hii hii yetu ukishuka. Kelele nyingi zilizopigwa kuhusu yeye zilikuwa ni watu hawataki kumwona Mwafrika amevaa silaha za samurai, na wakaomba hifadhi chini ya malalamiko yetu ya stori. Hapana. Sisi tunalia na msiba wetu wa tangu 2012, msituletee matusi yenu kwa matanga. Cha kuuma ni kwamba Yasuke alistahili Animus kuliko mtu yeyote. Mtu ambaye hatujui jina lake la kuzaliwa, hatujui kijiji chake, hatujui alizikwa wapi. Hebu fikiria kijana wa leo, wa Nampula au wa Mtwara, amelazwa kwa mashine, anamtafuta huyo mtu. Swali la brathe kabisa: utaona nani? Gemu ilikuwa na hilo swali mkononi na ikaliacha kwa menyu.

Wengine mnaniambia nisubiri, kwamba siku moja watatengeneza ya Mombasa ama Kilwa, Fort Jesus imezingirwa 1696, Wareno ndani, Waomani nje. Najua hiyo gemu ingekuwa tamu. Ningependa kupanda Fort Jesus bila kulipia tiketi. Lakini siku hizi najiuliza nani atakuwa amelala kwa mashine akiikumbuka. Kama hakuna mtu, basi ni picha nzuri za pwani tu, na hizo nazo tunazo.

Brathe alienda Doha 2015. Yuko huko mpaka leo, zamu za usiku, na hajagusa kontrola tangu aondoke. Ndiye alinilipia ile karo ya chuo, na nilipoacha hakunigombeza, aliuliza tu kama nakula. Mwezi uliopita alinitumia sauti, akiwa kwa basi la wafanyakazi, unasikia watu wanakoroma nyuma. Aliuliza, "Ile gemu yetu, Juno aliishia wapi? Alishindwa na nani?"

Ilinichukua siku mbili kumjibu. Nilimweleza yote haya, kwa ufupi. Lucy, komiki, Layla, Msomaji. Alikaa kimya, halafu akatuma sauti nyingine: "Kwa hivyo sai nani ako kwa mashine?"

Nikamwambia hakuna mtu. Ni wewe tu na menyu.

Akacheka ile kicheko ya kibandani. Akasema anakuja Desemba, wiki tatu, na nimtafutie PS3. Nimeipata moja, mwenyewe anataka elfu tisa na kontrola moja inavuta kushoto yenyewe. Bado tunavutana bei. Diski ya AC II ninayo. Nakosa ya Revelations, na ile ya mtaani ina mikwaruzo inakwama vile tu Ezio anafungua mlango wa maktaba. Kama kuna msee ako nayo Nairobi, na inasoma mpaka mwisho, nitumie ujumbe.